Dafroza Leonidasi na Nyimbo Kumi na Moja Kabla ya Alhamisi

Kisanduku chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha misale. Mbele kilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka maikrofoni na vifundo vinne vya kuzungusha. Nyuma kilitoka waya mmoja wa kwenda kwenye kompyuta. Shirika lililokuwa likitengeneza vipindi vya redio kwa ajili ya wakimbizi lilikiacha, pamoja na maikrofoni mbili na hedfoni nne, lilipofunga ofisi yake wilayani Ngara mwaka 2007. Katika hati ya makabidhiano kiliandikwa kwa maneno mawili: "Kifaa, sauti." Kwa miezi minne kilikaa kabatini katika kituo cha ufundi cha Kasulo, juu ya vitambaa vya darasa la ushonaji. Aliyekitoa humo ni Dafroza Leonidasi, mwalimu wa kompyuta.

Dafroza alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Murukulazo, mtoto wa nne wa wakulima Wahangaza wa ndizi, kahawa na maharage. Alisomea uhazili Mwanza na kurudi nyumbani mwaka 1994, wakati kila shirika lililofika Ngara lilitafuta mtu wa kupiga chapa. Chuoni alifundishwa taipureta. Kazini alikuta kompyuta. Hakuna aliyemwelekeza. Saa ya chakula alibaki ofisini akisoma vitabu vya maelezo vilivyokuja ndani ya maboksi, ukurasa kwa ukurasa, hata ule unaoonya kwamba mashine isiwekwe karibu na maji. Mashirika yalipoanza kuondoka, Sista Felisita, mkuu wa kituo cha ufundi, alimwajiri. Wanafunzi walimwita Madamu. Kwenye kwaya waliyemjua ni Dafroza tu, anayeimba alto.

Kwaya hiyo, ya Mtakatifu Ana, ilikuwa na watu ishirini na sita. Kumi na watatu walikuwa Wahangaza wa Kasulo, waliobaki ni Warundi wa kambi ya wakimbizi iliyo jirani, na kwa kuwa Kihangaza na Kirundi vinaelewana, hakuna aliyewahi kuona haja ya kuwa na kwaya mbili. Mwanzishi wao, yaani yule anayetangulia mstari na wengine wakamjibu, alikuwa Fideli Sindayigaya, mkulima wa miaka sitini na moja aliyevuka mpaka mwaka 1993 akiwa na jembe na watoto wawili. Kambini alitunga nyimbo kumi na moja. Hajui nota, na hakuwahi kuziandika popote. Zilikuwa kichwani mwake na vinywani mwa wenzake.

Jumanne moja ya Novemba orodha ya msafara wa kurudi Burundi ilibandikwa ukutani. Fideli na waimbaji wengine kumi na wawili walikuwemo. Wangeondoka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kuanzia siku hiyo watu waliozijua nyimbo zile wangegawanyika katika nchi mbili, na aliyezitunga angekuwa upande mmoja tu.

Jioni hiyo Dafroza alimkuta Fideli ameketi nje ya nyumba yake, mlango wake ameung'oa na kuuegemeza ukutani ili auuze.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua mlango?"

"Nimekuja kwa ajili ya nyimbo. Nataka kuzirekodi zote kabla hujaondoka."

"Kwa redio kaseti?"

"Kwa kompyuta."

"Ile unayofundishia watoto kuandika barua?"

"Hiyo hiyo."

Fideli alifikiri. "Mwaka juzi kijana mmoja alinirekodi kwa simu. Nilisikika kama mbuzi aliyefungwa ndani ya pipa. Nyimbo hizi ndizo mali niliyoipata hapa, Dafroza. Ukizishika, zishike vizuri. Kama huwezi, niache niondoke nazo kichwani."

Alimjibu kwamba ataweza. Wakati anasema hivyo, kisanduku kilikuwa bado hakijawahi kuwaka.

Tatizo lilikuwa hili. Kituo kilikuwa na kompyuta moja tu yenye nguvu, seva, iliyotumia mfumo wa Linux na kuziendesha mashine sita za zamani zilizotumiwa na wanafunzi. Kisanduku kilikuja na programu yake, na programu hiyo iliielewa Windows peke yake. Dafroza alipokichomeka kwenye seva, taa yake haikuwaka. Kufuta Linux na kuweka Windows kungechukua saa mbili, lakini kungeyaua madarasa yote.

"Mashine hiyo ikifa, wanafunzi sitini wanarudi kwenye karatasi," Sista Felisita alimwambia. "Na mitihani ni Desemba."

"Haitakufa, Sista."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Njia aliyoichagua alikuwa ameisoma tu, hajawahi kuijaribu. Kuna programu inayoweza kutengeneza mashine pepe: kompyuta isiyo na umbo, inayoishi kama faili ndani ya kompyuta halisi, yenye kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake. Seva ingebaki na Linux yake. Ndani yake, dirishani, ingewaka kompyuta nyingine yenye Windows, na kisanduku kingekabidhiwa kwa hiyo ya ndani. Windows aliipata kwenye kompyuta iliyokwisha ungua stoo, ambayo leseni yake ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Programu ya mashine pepe alimwomba Mihayo, fundi wa Biharamulo aliyeifunga seva ile.

Mihayo alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Madamu, hiyo ni kupika ugali ndani ya sufuria iliyo ndani ya sufuria nyingine. Kwa kuandika barua, sawa. Sauti haisubiri. Itafika imeungua chini na mbichi juu."

"Diski unayo?"

"Ninayo."

"Basi nitumie, kicheko utaniletea mwenyewe."

Mihayo alikuwa Nyakahura siku hiyo, kwenye gulio, akitengeneza redio ya duka. Diski alimpa kondakta wa basi, na Jumatano alasiri Dafroza aliipokea barabarani Kasulo. Alhamisi, wanafunzi walipotoka, aliipa mashine pepe nusu ya kumbukumbu ya seva, akaweka Windows, akaingiza programu ya kisanduku, kisha akaiamuru Linux ikiachie kisanduku na kukikabidhi ndani. Taa ya kijani iliwaka. Dafroza alizima kila kitu, akarudia hatua zote tangu mwanzo, na ilipowaka mara ya pili aliandika hatua hizo kwenye daftari kwa namba.

Ijumaa alirekodi sauti yake mwenyewe akihesabu hadi ishirini. Ikarudi ikipasuka kama bisi jikoni. Sababu aliikuta katika kitabu cha maelezo. Sauti haipiti kwenye waya kama maji. Inakusanywa kwanza kwenye akiba ndogo, ikijaa inapelekwa mbele. Hapa ilipaswa kupita katika kompyuta mbili, na akiba ikiwa ndogo, kompyuta ya ndani haikuweza kuipokea kwa wakati, ikawa inadondosha vipande. Akaiongeza. Mpasuko ukaisha, lakini sauti ikawa inachelewa kurudi. Aligonganisha vijiti viwili mbele ya maikrofoni huku hedfoni ameiweka kando yake, akapima kwenye kioo cha kompyuta umbali kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Ilikuwa sekunde sifuri nukta nne nne. Karibu nusu sekunde.

Mihayo alikuwa amemshauri jinsi studio zinavyofanya: arekodi mwanzishi peke yake, kisha kwaya iimbe juu yake ikimsikiliza kwa hedfoni. Jumamosi asubuhi akafanya hivyo, ndani ya darasa la kompyuta. Fideli aliimba peke yake wimbo wa matoleo, akiacha nafasi za majibu. Kisha waimbaji wanne, mmoja kwa kila sauti, wakavaa hedfoni, na wengine wakajipanga nyuma yao. Kufikia mstari wa tatu kwaya ilikuwa nyuma ya Fideli kwa neno zima. Kufikia ubeti wa pili, Fideli wa kwenye mashine alikuwa anaanzisha mstari mpya wakati wao bado wanaujibu wa zamani.

Eustakia, muuza ndizi wa Kasulo na soprano mwenye sauti kubwa kuliko wote, alivua hedfoni.

"Fideli huyu wa kwenye mashine hana adabu. Anaimba huku anaondoka. Hangoji mtu."

"Ni mimi huyo," Fideli alisema.

"Wewe tunakujua. Huyu hatumjui."

Walirudia mara tisa. Dafroza alipunguza akiba, bisi zikarudi. Akaongeza, kwaya ikaachwa. Akatafuta katikati, akapata vyote viwili, bisi na kuachwa. Saa nane mchana watu walitaka kwenda shambani, na hakukuwa na wimbo hata mmoja uliokamilika. Zilibaki siku nne kabla ya Alhamisi.

Kinachomtofautisha Dafroza na mafundi wengi ni kwamba hakumlaumu mwimbaji yeyote, wala hakuilaumu mashine. Alijua kwa hesabu kwamba mashine inachelewa kila mara kwa kiasi kilekile. Kitu kinachochelewa kwa kiasi kilekile hakiwezi peke yake kumfanya mtu azidi kubaki nyuma. Kwa hiyo palikuwa na kitu kingine, na hicho hakukijua.

Alikijua Jumapili. Misa ilifanyika nje, kambini, mahali palepale tangu mwaka 1994. Dafroza alikuwa na mafua, hakuimba. Alisimama mwisho kabisa, kwenye mikaratusi ya kilimani. Kutoka huko aliona jambo ambalo kwa miaka kumi akiwa ndani ya kwaya hakuwahi kuliona. Fideli alianzisha, kwaya na waumini wakajibu, na kabla ya mstari uliofuata Fideli akainua kidevu, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza mlango, ndipo akaendelea. Kwaya nzima ilifanya hivyo pamoja naye.

Baada ya misa alimfuata.

"Mzee, pale ukishajibiwa, unangoja nini?"

"Walio nyuma."

"Leo watu hawafiki mia tatu. Sauti zinafika palepale."

"Leo. Mwaka ule walikuwa maelfu na spika moja. Waliokaa kwenye mikaratusi walikuwa wanamalizia mstari wa kwanza sisi tuko kwenye wa pili. Padri akaniambia, Fideli, siwezi kuendesha misa mbili. Nikawafundisha watu wangoje mpaka sauti ya mwisho ifike. Usipoingoja, umewaacha."

Dafroza alirudi madhabahuni, akatembea hadi kwenye mikaratusi akihesabu hatua. Hatua mia moja na themanini, mita kama mia na hamsini. Sauti husafiri mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Akagawanya kwenye karatasi ya matangazo ya misa. Jibu likawa sifuri nukta nne nne.

Kompyuta yake ilikuwa imemweka mtu kwenye mikaratusi. Kila aliyevaa hedfoni alisikia sauti ya kwaya ikirudi kwa kuchelewa, na kwa mazoea ya miaka kumi na mitatu akaichukua kuwa ni ya walio nyuma, akawangoja. Mstari hadi mstari waliongeza kungoja, kwa sababu Fideli wa kwenye mashine hakungoja. Kwaya haikuwa imekosea hata mara moja. Ilikuwa inafanya kazi yake barabara.

Jumatatu jioni aliweka akiba kwenye kiwango cha juu kabisa, bisi zisipate nafasi, na hedfoni zote akazifungia kabatini. Mihayo alifika Jumanne kwa basi la asubuhi, akiwa amekileta kicheko chake kama alivyoagizwa.

"Sasa watajisikiaje bila hedfoni?" aliuliza.

"Wana masikio."

"Na kuchelewa je? Karibu nusu sekunde, Madamu, hiyo ni aibu."

"Anayechelewa ni nani? Mwanzishi na kwaya wanaimba pamoja, maikrofoni mbili zinaingia pamoja, vyote vinachelewa sawasawa. Ukisikiliza kesho utajua kwamba leo zilichelewa?"

Mihayo akamsaidia kuisimamisha maikrofoni ya pili juu ya meza mbili.

Walirekodi wimbo wa matoleo. Sauti ilikuwa safi na kila neno lilikaa mahali pake, lakini Fideli alitikisa kichwa.

"Tumeimba kama watu wanaofukuzwa. Humu ndani hakuna wa kungoja."

Sista Felisita alikuwa mlangoni. Dafroza alimwomba wasichana wa darasa la ushonaji, wote waumini wanaozijua nyimbo zile. Akafungua mlango mkubwa wa nyuma, akawapeleka uwanjani hadi ukingo wa shamba la mihogo, akawaambia wajibu kila mstari kama wanavyojibu misani.

"Maiki ya kwaya itawashika," Mihayo alionya. "Utaingiza kelele kwenye kazi safi."

"Hiyo si kelele. Hao ndio saa yetu."

Fideli alianzisha. Kwaya ikajibu, na kutoka kwenye mihogo wasichana wakajibu nyuma yake. Fideli akainua kidevu, akawapokea, akaendelea. Wimbo ulitembea. Ulipoisha, Dafroza alibonyeza kitufe cha kusikiliza na watu wakasogea kwenye spika mbili za seva. Katika sauti ile walisikika wote: Fideli karibu kabisa, kwaya ikiwa imemzunguka, na mbali, sauti nyembamba za uwanjani zikimalizia mstari. Eustakia alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kiuno.

"Huyu sasa ndiye Fideli," alisema.

Jioni hiyo walimaliza nyimbo saba. Mashine pepe iliganda mara moja tu, katika wimbo wa tano. Dafroza aliifunga na kuiwasha bila kuigusa seva, kwa kufuata daftari lake, na ndani ya dakika kumi walikuwa wanaimba tena.

Jumatano mvua ilianza kunyesha saa saba mchana juu ya bati na haikuacha hadi saa tisa na nusu. Nyimbo nne zilibaki. Saa kumi na mbili waliokuwa kwenye orodha walitakiwa kuwa kituoni pa kuondokea pamoja na mizigo yao, kwa kuwa wangelala huko. Mvua ilipokatika, wasichana walisimama kwenye tope, viatu mkononi. Hakuna aliyeombwa mara mbili. Saa kumi na moja na dakika tano wimbo wa kumi na moja ulikuwa umekwisha, na walisikiliza.

"Eustakia, ubeti wa mwisho umetangulia," Fideli alisema.

"Nimetangulia. Kuanzia kesho hakuna wa kunikemea, niache nijizoeze."

Watu walicheka, na wengine walitazama chini. Dafroza alitazama saa ya ukutani.

"Mzee, tuna dakika za kutosha kutembea tu. Tukirudia utafika kituoni ukikimbia. Tukiuacha hivi, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Na Eustakia atajua. Turudie."

Walirudia. Eustakia hakutangulia. Huo ndio uliomo kwenye diski.

Mihayo aliondoka na nakala ya kurasa mbili za daftari la Dafroza, zenye hatua kumi na tisa, ambazo mpaka leo zimebandikwa ukutani kwenye ofisi yake Biharamulo, mwandiko wa Dafroza ukionekana. Hajamwambia mteja yeyote kwamba ni zake.

Alhamisi asubuhi Dafroza alifika kituoni pa kuondokea akiwa na diski kumi na tatu ndani ya mfuko wa kitambaa, moja kwa kila mwimbaji aliyekuwa akirudi. Magari yalikuwa yamekwisha washwa. Juu ya kila diski alikuwa ameandika jina la kwaya, jina la mtunzi na majina ya nyimbo zote. Fideli alikuwa amekaa nyuma ya gari la tatu juu ya godoro. Aliipokea yake kwa mikono miwili, akaisoma pande zote.

"Hapa pana jina langu tu."

"Nyimbo ni zako."

"Kule nitaipeleka parokiani. Watauliza imerekodiwa mji gani, na nani. Nijibu nini?"

"Sema Kasulo."

"Kasulo haikurekodi kitu." Akamrudishia diski juu ya ubao wa gari. "Andika."

Dafroza alitoa kalamu, akaegemeza diski kwenye ubao na kuandika: Imerekodiwa na Dafroza Leonidasi, Kasulo, Ngara. Kisha akapita kutoka gari hadi gari akizikusanya tena zile nyingine kumi na mbili, na kwenye kila moja akaandika hivyohivyo, jina kamili, kwa herufi kubwa.